Kupima Theluji Penye Baridi na Upepo Mkali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ni kuhudumia vipimamvua kwenye uwanda wa Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei. Huku miti ni mifupi kuliko mtu na upepo hauna wa kuuzuia. Maswali haya nimeulizwa na ndugu zangu wa nyumbani, na Waswahili wenzangu walio Kanada, Ufini na Marekani, na wanafunzi wanaokuja kituoni wakidhani kupima theluji ni kuchomeka rula na kusoma namba. Mengine nimeyajibu kwa kirefu, mengine kwa sentensi chache tu kwa sababu hayana zaidi ya hapo.

Theluji inapimwa kwa rula au kwa mizani?

Mama yangu, aliye Tanga, aliniuliza hivi kwenye simu: "Hiyo theluji mnaipima kwa fungu au kwa kilo?" Nilicheka, halafu nikaona swali lake lina akili kuliko mengi ninayoulizwa kituoni. Fungu la mchicha laweza kujaa kikapu na lisiwe na uzito wowote. Theluji nayo ni hivyo hivyo.

Vinapimwa vitu vitatu, na watu huvichanganya kila siku. Cha kwanza ni theluji mpya: sentimita ngapi zimeanguka tangu mara ya mwisho ulipopima. Cha pili ni kina cha theluji yote iliyolala chini, ya leo na ya mwezi uliopita. Cha tatu ni maji yaliyomo, yaani ukiiyeyusha ile theluji utapata milimita ngapi za maji. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na lita moja ni kilo moja. Kwa hiyo mtu akikuambia paa lake lina theluji ya milimita 200 za maji, ameshakuambia kwamba kila mita ya mraba ya paa hilo imebeba kilo 200.

Zamani vituo vingi vilitumia kanuni ya kumi kwa moja: sentimita kumi za theluji ni sentimita moja ya maji. Ni kanuni ya kukisia. Theluji ya bokoboko, ile inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri, yaweza kuwa tano kwa moja. Theluji ya pukute, iliyo kavu na yenye chembe zilizoachana kama wali uliopikwa na fundi, yaweza kufika thelathini kwa moja au kupita. Upepo nao unavuruga hesabu: unazigonganisha chembe, unavunja zile pembe zao nzuri, na vipande vinalala vikiwa vimebanana. Baada ya dhoruba theluji iliyogandamizwa na upepo inakuwa ngumu kiasi cha kubeba mtu bila kuzama, ilhali ile iliyoanguka jana yake mahali palipotulia inakuzamisha hadi gotini.

Kwa nini kipimamvua kinapokea theluji pungufu ya ile iliyoanguka?

Kama umewahi kumwona mtu akipepeta mchele kwa ungo, jibu unalo. Mchele ni mzito, unarudi ungoni. Pumba ni nyepesi, zinaondoka na upepo. Tone la mvua la milimita mbili linaanguka kwa kasi ya mita sita na zaidi kwa sekunde. Huo ndio mchele. Chembe ya theluji inaanguka kwa mita moja hivi kwa sekunde. Hiyo ni pumba.

Sasa simamisha kopo la chuma, maana kipimamvua si zaidi ya hilo, katikati ya uwanda. Upepo ukilifikia haupiti ndani yake, unalikwepa. Sehemu unapita pembeni, sehemu unapanda juu ya mdomo wa kopo na kuongeza kasi hapo hapo. Chembe iliyokuwa inakuja kutua ndani inanyanyuliwa, inavuka mdomo, inaangukia upande wa pili. Kopo lenyewe ndilo limefukuza theluji. Ukisimama karibu nalo na taa ya kichwani wakati wa giza la Desemba utaliona jambo hili kwa macho: chembe zinakuja zimelala karibu sawasawa na ardhi, zikifika kwenye mdomo zinaruka kama zimeshtuka, halafu hizo zinakwenda zao.

Jambo hili si geni. Mwaka 1769 daktari Mwingereza, William Heberden, aliandika kwamba kopo lililowekwa juu ya paa la kanisa la Westminster Abbey jijini London lilipokea karibu nusu tu ya mvua iliyopokelewa na kopo la chini. Watu walibishana kwa miaka kuhusu sababu. Mwaka 1861 William Stanley Jevons, ambaye wasomaji wa uchumi wanamjua kwa mengine, alieleza kwamba ni upepo. Na hiyo ilikuwa mvua.

Pungufu kwa kiasi gani hasa?

Kwa kiasi cha kutisha. Kituo cha Haukeliseter, kwenye milima ya kusini mwa Norwei karibu mita 990 juu ya usawa wa bahari, kilijengwa mahsusi kwa swali hili. Kopo lenye kinga moja ya kawaida, yaani vibao vinavyolizunguka kupunguza upepo, lililinganishwa na kopo lililo ndani ya uzio mkubwa, nitakaoueleza hapo chini. Theluji ikianguka kwa upepo wa mita 2 kwa sekunde, kopo lilipata karibu asilimia 80 ya lile la uzioni. Upepo ukifika mita 5, karibu asilimia 40. Upepo wa mita 7 na kuendelea, karibu asilimia 20 tu. Na mita 7 kwa sekunde huku si dhoruba. Ni siku ya kawaida, siku ambayo watoto wanakwenda shule na bendera inapeperushwa vizuri.

Kopo lisilo na kinga yoyote linafanya vibaya zaidi. Kaskazini mwa Alaska, mwaka 1982, mtafiti Carl Benson alitumia uzio na marundo ya theluji kukadiria upya theluji ya majira ya baridi, akapata karibu mara tatu ya zile namba zilizokuwa zikiandikwa na kopo la kawaida. Watu walikuwa wakiita eneo lile jangwa kavu kuliko lilivyo.

Kama makopo yote yanadanganya, hiyo theluji ya kweli mnaijuaje?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake linaanzia vichakani.

Huko Valdai, Urusi, wataalamu wa Kisovieti waliweka kopo katikati ya vichaka vilivyokatwa vikawa na kimo sawa na mdomo wa kopo. Upepo ukifika pale unakatikakatika ndani ya matawi, theluji inashuka polepole kama inavyoshuka msituni, na kopo linapokea karibu yote. Ni kipimo kizuri sana, ila huwezi kukipeleka kila mahali. Kwenye uwanda wa Aktiki vichaka hivyo havioti, na panapoota, hakuna wa kuvikata kila mwaka.

Kwa hiyo likatengenezwa jambo la kuiga kichaka: uzio mara mbili, kila mmoja wa pembe nane, umejengwa kwa fito za mbao zilizosimama wima na kuachiana nafasi sawa na upana wake. Uzio wa nje una kipenyo cha mita 12, wa ndani mita 4, na katikati kabisa linakaa kopo la Kirusi liitwalo la Tretyakov, mita 3 kutoka ardhini. Ukiuona kwa mara ya kwanza utadhani ni zizi la ng'ombe lililojengwa hewani. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitumia uzio huo kama kipimo cha rejea kwenye ulinganisho mkubwa uliofanywa kuanzia majira ya baridi ya 1986/87 hadi 1992/93, ukiongozwa na Barry Goodison wa Kanada, na ripoti ikatoka 1998. Hata hivyo uzio huu haufikii kichaka. Upepo ukiwa mkali unakosa asilimia chache.

Ulinganisho wa pili, ulioitwa SPICE, ulishughulikia mashine zinazojipima zenyewe. Vipimo vyake vikuu vilichukuliwa majira mawili ya baridi, 2013/14 na 2014/15, kwenye vituo vya nchi nyingi: Haukeliseter, Sodankylä huko Ufini, Bratt's Lake kwenye nyika za Kanada, Marshall huko Colorado, Weissfluhjoch ya Uswisi na vingine. Ripoti ilitoka 2018. Somo lake kubwa, kwa maoni yangu, ni lile ambalo mafundi tulikuwa tukililalamikia siku zote: kinga bora inashinda hesabu bora. Pesa ukizitumia kwenye mbao za uzio utapata zaidi kuliko ukizitumia kwenye kompyuta.

Kuna kinga za aina gani?

Ya zamani ni ya Francis Nipher wa St. Louis, ya mwaka 1878, yenye umbo la tarumbeta inayozunguka kopo; Kanada waliitumia kwa miongo mingi. Mwaka 1937 akaja Mmarekani Alter na vibao vya bati vinavyoning'inia na kucheza na upepo, na mchezo huo unasaidia visishikwe na theluji. Kopo la Tretyakov lina vibao vilivyopinda kama petali za ua lililochanua. Wyoming wana uzio wao wa mizunguko miwili iliyoinama. Ukiwa na nafasi, weka Alter mbili, moja ndani ya nyingine. Ukiwa na eneo la wazi lililozungukwa na msitu, huhitaji vyote hivyo, maana miti yenyewe ni kinga.

Mashine zinazojipima zinafanyaje kazi, na zinaharibika vipi?

Nyingi ni ndoo juu ya mizani. Ya Geonor, inayotengenezwa Norwei, imening'inizwa kwa nyaya zinazotetemeshwa: ndoo ikiongezeka uzito, waya unakazika na mlio wake unapanda, kama mpiga gitaa anavyokaza uzi. Ukisoma mlio umesoma uzito.

Ndani ya ndoo tunatia dawa ya kuzuia kuganda, ili theluji iyeyuke inapotua. Hapa pana mtego. Glikoli ni nzito kuliko maji. Ukitia glikoli peke yake, maji ya theluji yanaelea juu yake na kuganda, na juu ya barafu ile theluji inarundikana bila kuyeyuka. Kwa hiyo glikoli huchanganywa na methanoli, ambayo ni nyepesi, mchanganyiko ujichanganye wenyewe. Juu yake tunamwaga tabaka jembamba la mafuta ili maji yasiondoke kwa uvukizi. Glikoli ya ethilini ni tamu na ni sumu, mbwa au mbweha akiilamba anakufa. Tumia ya propilini.

Hitilafu inayonisumbua kuliko zote ni kofia. Theluji yenye unyevu inashika ukingo wa mdomo, inajenga kidogo kidogo, mpaka inaufunika kabisa. Mara moja nililetewa grafu ya kituo fulani: dhoruba ya saa kumi na nane, namba sifuri tupu. Kesho yake saa sita mchana, anga ya buluu, jua la Machi, grafu inaonyesha milimita 14 zimeanguka kwa dakika tano. Kijana wa zamu akaandika kwenye daftari "mvua ya ghafla". Ilikuwa kofia imeyeyuka pembezoni na kudondokea ndani. Dawa yake ni kupasha ukingo moto, lakini kidogo tu, uwe nyuzi mbili hivi juu ya sifuri. Ukizidisha, kopo linakuwa bomba la moshi: hewa ya joto inapanda na kuzifukuza chembe, na nyingine zinageuka mvuke kabla hazijatua. Ndiyo sababu kile kipimamvua cha kibeseni kinachopinduka, kinachofaa sana Mombasa, ukikitia kipasha joto na kukileta huku kinakuwa karibu hakina maana.

Kuna pia kifaa chenye sahani mbili zenye joto, moja inatazama juu na nyingine chini. Upepo unazipoza zote mbili, theluji inaipoza ya juu tu. Tofauti ya umeme unaotumika ndiyo theluji. Ni ubunifu mzuri, ila unakula umeme, na kwenye kituo cha sola wakati jua halichomozi miezi miwili umeme ndio kitu cha kwanza unachokosa.

Theluji inayopeperushwa kutoka chini haiwezi kuingia kwenye kopo?

Inaweza, na hapo kopo linadanganya upande wa pili. Theluji kavu huanza kuinuka upepo ukifika mita 7 au 8 kwa sekunde. Anga inaweza kuwa safi kabisa, nyota zote zinaonekana, na kopo linaandika theluji. Ndiyo sababu tunaweka mdomo juu, mita 2 hadi 3 au zaidi, ingawa juu huko upepo nao ni mkali zaidi. Hakuna jibu lisilo na gharama. Ukiwa na kipima mawingu au rada ndogo inayotazama juu, unajua kama kuna kitu kinashuka kutoka mawinguni. Usipokuwa nacho, toka nje utazame.

Kipimo cha sauti kinachopima kina cha theluji ni cha kuaminika?

Kinaaminika ukikumbuka joto. Kinatuma mlio chini, kinasubiri mwangwi, kinazidisha muda kwa kasi ya sauti. Kasi ya sauti kwenye sifuri ni mita 331 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri ni mita 306 hivi. Kifaa kilichofungwa mita 2 juu ya theluji, kikidhani joto ni sifuri wakati ni nyuzi 40 chini, kitasema kiko mita 2.16. Sentimita 16 za theluji zimepotea kwa sababu ya kipimajoto kibovu. Ongeza chembe zinazopita hewani na kuuparaganya mwangwi, na theluji laini inayoumeza. Vya leza vina afueni.

Ila kumbuka kinapima doa moja tu chini ya mguu wake. Upepo ukichimba shimo pale, kituo kizima kinaripoti kwamba theluji imepungua.

Kwa nini msipime tu ile iliyoko chini, mkaachana na makopo?

Tunaipima pia. Bomba la kukatia linachomekwa mpaka ardhini, linatolewa likiwa na mchi wa theluji ndani, linapimwa uzito. Mwanzilishi wa njia hii Marekani ni James Church, mwalimu wa Kilatini aliyekuwa akipanda mlima Mount Rose huko Nevada mwanzoni mwa karne ya 20. Sentimita 60 zenye uzito wa kilo 250 kwa mita ya ujazo ni milimita 150 za maji. Ufini wana njia maalumu za kutembea na skii, za kilomita 2 hadi 4, wakipima kina mara 80 njiani, msituni na uwandani, ili doa moja lisiwapotoshe.

Pia kuna mito ya theluji, nayo ni ya kulalia, si ya maji: mifuko mipana iliyojaa kimiminika kisichoganda, iliyotandazwa ardhini na kupima mzigo ulioikalia. Theluji ikijenga tabaka gumu inakuwa daraja juu ya mto na kuubebea mzigo wake. Kuna vifaa vinavyohesabu mionzi ya gama inayotoka udongoni, maana maji yakiongezeka mionzi inapungua, na ndege hurushwa chini chini kwa kazi hiyo hiyo.

Lakini iliyoko chini ni salio la benki. Haikuambii ni kiasi gani kiliingia na kiasi gani kimechukuliwa na upepo au kugeuka mvuke.

Namba ikishakuwa pungufu, inasahihishwaje?

Kwa kuigawa. Kopo lina milimita 3, upepo ulikuwa mita 5, uwiano wa kinga hiyo ni 0.4: tatu gawanya kwa 0.4 ni milimita 7.5. Unahitaji upepo wa saa hiyo hiyo, si wastani wa siku, na unahitaji upepo wa kimo cha mdomo wa kopo, si ule wa mita 10 ambao huwa na kasi zaidi. Unahitaji pia joto, maana theluji ya nyuzi moja chini ya sifuri ni nzito na haiyumbi kama ya nyuzi 15.

Sasa tazama ubaya wake. Upepo ukiwa mkali unagawa kwa 0.2, yaani unazidisha kwa tano, na kosa lako pia umelizidisha kwa tano. Mtikisiko wa milimita 0.1 uliosababishwa na upepo kuitingisha ndoo unageuka nusu milimita ya theluji isiyokuwepo. Na kopo likiwa halikupata kitu kabisa, sifuri haizidishiki.

Halafu kuna kile tunachokiita haba: theluji iliyoonekana ikianguka lakini haikufikia kiwango cha kuandikwa, ambacho Kanada ni milimita 0.2. Kwenye jumla inahesabiwa sifuri. Aktiki kuna siku nyingi za namna hiyo kwa mwaka, na haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hicho hakionekani popote kwenye majedwali. Ongeza matone yanayobaki kwenye kuta za kopo kila linapomwagwa, na utaona kwa nini mahali pakavu panaonekana pakavu zaidi.

Mbona takwimu zinaonyesha mvua na theluji vinaongezeka Aktiki? Ni kweli?

Sehemu ni kweli. Sehemu ni kopo. Chukua mfano: mwezi ambao milimita 100 zilianguka zote kama theluji, kopo likapata 50. Miaka thelathini baadaye, mwezi huo huo, milimita 100 zile zile zinaanguka kama mvua kwa sababu kumekuwa na joto, kopo linapata 90. Jedwali litasema zimeongezeka kwa asilimia 80, na mawinguni hakuna kilichobadilika. Watafiti wa Norwei waliligundua hili kwenye takwimu za Svalbard zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na kuonyesha kwamba sehemu ya ongezeko la huko inatokana na theluji kugeuka mvua mbele ya kopo lile lile.

Mtego mwingine ni mipaka. Alaska na Yukon ni ardhi moja, lakini makopo ni ya nchi mbili. Ukichora ramani ya theluji bila kusahihisha unaona ngazi imesimama juu ya mstari wa mpaka, kana kwamba mawingu yanaonyesha pasipoti.

Antaktika nako?

Huko makopo ni karibu bure. Watu huchomeka mianzi, hurudi baada ya mwaka, hupima kiasi gani kimefunikwa. Kwenye kilele cha barafu ya Greenland hufanya hivyo pia. Kwenye Ncha ya Kusini kinachobaki kwa mwaka ni karibu milimita 80 za maji. Setilaiti ya CloudSat, iliyorushwa 2006, iliwawezesha watafiti kukadiria wastani wa milimita 171 kwa mwaka juu ya bara lile hadi latitudo 82, ingawa rada yake haikuona vizuri kilomita ya mwisho juu ya ardhi. Na kilomita hiyo ndiyo yenye mambo: pwani ya Adélie upepo mkavu unaoteremka kutoka bara hukausha theluji ikiwa bado hewani. Ilitoka mawinguni na haikufika chini. Sijui mama angeiita fungu au kilo.

Naishi Kanada, nataka kupima uani kwangu. Nianzeje?

Tafuta ubao wa plaiwudi wa nusu mita kwa nusu mita, upake rangi nyeupe usinyonye jua, uulaze chini mahali ambapo nyumba haimwagi theluji ya paa wala upepo haujengi rundo. Chomeka kijiti chenye kitambaa pembeni, la sivyo utautafuta kwa beleshi. Ukishapima, ufute na uurudishe juu ya theluji.

Kipimamvua cha plastiki cha kipenyo cha inchi nne, toa faneli na bomba la ndani, kiache wazi. Asubuhi ukikuta theluji, pima maji ya vuguvugu kwenye bomba, tuseme milimita 10.0, yamimine iyeyuke, pima tena. Ukipata 13.4, theluji ilikuwa na milimita 3.4. Usisahau kutoa yale kumi. Kila mgeni husahau mara moja. Kama upepo ulikuwa mkali, usiliamini kopo: ligeuze juu chini, likandamize kwenye theluji ya ubaoni kama unavyokata andazi, uyeyushe ulichokata. Kina pima mahali kumi, toa wastani.

Mtandao wa watu wa kujitolea wa CoCoRaHS, ulioanza Colorado mwaka 1998 baada ya mafuriko ya Fort Collins, unapokea namba kutoka Marekani na Kanada, na hauulizi cheti.

Nikipima kila saa si nitapata usahihi zaidi?

Hapana, utapata theluji nyingi zaidi, jambo ambalo ni tofauti. Theluji hushindiliwa na uzito wake. Ukifuta ubao kila saa unaipima kabla haijakaa. Januari 1997, huko Montague, jimbo la New York, ziliripotiwa inchi 77 kwa saa 24, karibu sentimita 196, ambazo zingekuwa rekodi ya Marekani. Kamati ilizikataa kwa sababu vilijumlishwa vipimo sita, na kanuni iliruhusu vinne, kila baada ya saa sita. Theluji ilikuwa nyingi kweli. Ilipimwa mara nyingi mno.

Kilimanjaro je?

Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliweka kituo juu ya barafu ya kaskazini ya Kibo, chenye kipimo cha sauti kama nilichokieleza. Kule tatizo si giza la miezi miwili. Ni jua la ikweta, linaloila theluji mchana ule ule iliyoanguka.

Nikishasahihisha namba, niifute ile ya mwanzo?

Usiifute kamwe. Kanuni za kusahihisha hubadilika. Zile za 1998 si zile za 2018. Aliyekuja kabla yangu kituoni alikuwa akisahihisha kichwani na kuandika jibu tu, na majira yake yote manne ya baridi hayafai kitu, kwa sababu hatujui alizidisha kwa ngapi. Mimi naandika hivi, na penseli, maana wino unaganda: "Kopo 1.2. Upepo mita 6, kimo cha mdomo. Joto 11 chini ya sifuri. Kinga Alter moja, vibao viwili vimeshikwa na barafu, nimevigonga. Ukingo safi. Theluji ilikuwa inatoka mawinguni, nimetazama."